Mvua Aliyoificha Youssouf

Christelle alipofika Kindu na kompyuta zake mbili na paneli zake za jua, hakwenda kwanza kwa meya wala kwa mkuu wa uwanja wa ndege. Alimtafuta Youssouf Amisi, mpima mvua. Alimkuta nyuma ya ofisi ya hali ya hewa, ameinama kwenye majani, miwani imefungwa uzi upande mmoja, anamimina maji ya jana katika chupa yenye mistari. Christelle alisubiri mpaka mzee alipomaliza kuandika, ndipo akakunja goti kidogo kumsalimu.

"Papa Youssouf, miye njo Christelle. Mutoto wa Papa Florentin."

Youssouf alikuwa ameshamtambua. Paji la uso lilikuwa la baba yake, na hata ule ustaarabu wa kumwacha mtu amalize kuandika ulikuwa wa baba yake. Alimwona mara ya mwisho akiwa msichana wa sekondari, kabla hajakwenda Kinshasa kusomea mambo ya mbingu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao baba yake aliupita kidogo tu kabla ya kufa.

"Karibu, mutoto yangu," alisema. "Mama hajambo kule ng'ambo, Alunguli?"

"Hajambo. Anakusalimia. Alisema bila weye tungelala bila kuni miaka mingi."

Youssouf alifunika chupa yake, wakaingia ndani.

Christelle alimweleza kazi iliyomleta, na alieleza vizuri, bila majivuno ya watu waliosoma. Kule duniani, alisema, kuna vituo vikubwa vya utabiri: kimoja Ulaya, kingine Amerika, vingine Canada, Japani na kwingineko. Kila kituo kina mashine inayokokotoa mbingu ya dunia nzima, lakini hakitoi jibu moja. Kinatoa majibu thelathini, kingine hamsini, na kila jibu linaanza na tofauti ndogo iliyowekwa kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayejua kwa ukamilifu hewa ilivyo saa hii. Majibu yakikubaliana, unaweza kusema kwa nguvu. Yakitawanyika, unajua mbingu yenyewe haijaamua.

"Miye nayakusanya yote," alisema. "Karibu majibu mia mbili kila siku, ya vituo sita. Nayachanganya yawe neno moja la Kindu. Lakini vituo havijui Kindu sawasawa, Papa. Kimoja kinaona mvua mahali hakuna. Kingine kinachelewa nusu siku. Ili nijue nimwamini nani zaidi, lazima nilinganishe maneno yao na maji yaliyopimwa hapa chini."

"Kama vile baba yako na fonia," Youssouf alisema.

Christelle alicheka. Hadithi hiyo aliijua kutoka kwa mama yake. Zamani Florentin, mkuu wa kituo hiki, alikuwa kila asubuhi akiwasha redio ya fonia na kuwauliza watu wa misheni na wa makampuni: Kampene kukoje, Kibombo kukoje, Punia kukoje? Halafu alikuwa akiyapima majibu yao kichwani. Wa Kampene aliongeza chumvi, kila wingu kwake lilikuwa gharika. Wa Kibombo alikuwa mvivu, hakutoka nje kutazama. Florentin aliwajua wote, akampa kila mmoja kiasi chake cha imani, na ndiyo maana marubani walimwamini yeye.

"Njo vile," Christelle alisema. "Sasa, hivi vituo vimerudia hesabu zao kwa miaka ya nyuma. Viko na utabiri wa kila siku ya vita. Miye sina mvua ya vita. Kule Kinshasa wanasema hakuna mutu aliyepima."

"Nilipima."

Neno lilimtoka Youssouf kabla hajalifikiria. Lilikuwa neno la kiburi, na kiburi hicho kilikuwa cha haki. Risasi zikilia, watu wakikimbilia msituni, yeye alikuwa akienda kila asubuhi kumimina maji ya chombo na kuandika katika kaye, madaftari ya shule, tangu mwaka 1998 hadi 2003. Kutoka Kinshasa hakuna aliyemtuma, wala hakukuwa na mtu wa kumpelekea namba zile.

Christelle alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa dhahabu.

"Papa, unazo?"

Siku ya pili Youssouf alizileta katika mfuko wa mchele, zimefungwa kwa kamba, kwa mpangilio wa miezi. Christelle alizihesabu mezani: kaye kumi na nane. Kila moja ilikuwa ya miezi mitatu. Alirudia kuhesabu.

"Moja haiko. Ya Novemba 1999 mupaka Januari."

"Muchwa ilikula," Youssouf alisema.

Christelle alisikitika, akaandika pembeni ya karatasi yake, akaendelea. Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Kaye ile wakati huo ilikuwa nyumbani kwa Youssouf katika mtaa wa Kasuku, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kavu, safi, hata herufi moja haijafutika.

*

Novemba ile ya 1999, mji ulikuwa umeshikwa na watu wenye silaha, na aliyeamuru pale uwanjani alikuwa mtu waliyemwita Komanda Mike. Reli ilikuwa imekufa. Kilichoingia Kindu kiliingia kwa ndege, ndeke kama wasemavyo pale, na kilichotoka kilitoka kwa ndeke. Kwa hiyo kila jioni, jua likiwa bado juu ya mto, Komanda alitaka karatasi moja kutoka kituo cha hali ya hewa: kesho ndeke itue ao isitue? Florentin aliandika, na Youssouf, msaidizi wake, alipeleka.

Mke wa Youssouf aliitwa Aïcha. Alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na mara mbili alikuwa amekakamaa na kuzungusha macho. Masista wa hospitali walimwambia Youssouf wazi kwamba hapa hawana dawa wala damu, apelekwe Goma. Youssouf alikwenda akapiga magoti mbele ya Komanda Mike. Komanda siku hiyo alikuwa na furaha. Alisema ndeke ya Alhamisi ikija, ikiondoka iondoke na mke wake.

Jumatano Florentin alishinda kwenye fonia. Ni Kampene peke yake walioitika, na Kampene walisema mbingu imekuwa nyeusi kama sufuria. Florentin alijua kwamba Kampene huongeza chumvi. Lakini alitazama kipimo cha mkandamizo wa hewa, akakigonga kwa ukucha, akakitazama tena.

"Mara hii Kampene hawadanganyi," alisema. Akaandika katika kaye ya Youssouf, na kwenye karatasi ya Komanda akaandika vilevile: *Mvua kubwa ya radi, nafasi nane kwa kumi. Ndeke ingoje siku mbili.*

Nje jua lilikuwa linawaka. Juu ya mto Lualaba hakukuwa na wingu hata la kufunika kiganja. Youssouf alitembea na karatasi ile, na kila hatua alimwona Aïcha, siku mbili, Aïcha, siku mbili. Nane kwa kumi, alijiambia. Basi na zile mbili je? Si ni nafasi pia? Alisimama nyuma ya ukuta wa ghala, akachana karatasi nyingine, akaandika kwa mkono wake: *Hali nzuri. Ndeke inaweza kutua.* Chini yake akaweka jina la Florentin.

Alhamisi ndeke ilionekana saa tano mchana, na dhoruba ilitoka upande wa Kampene ikiifuata kama mtu anayefukuza kuku. Upepo ulipiga kabla ya mvua. Ndeke ilijaribu kushuka, ikainuka, ikajaribu tena, halafu bawa moja likaenda chini, nayo ikaangukia kwenye michikichi ng'ambo ya uwanja. Watu watano walikufa, mmoja wao mdogo wake Komanda. Aïcha aliona yote. Alikuwa amelazwa kwenye pusi-pusi, mkokoteni wa kusukuma, pembeni ya uwanja, amefunikwa kanga yake nzuri ya safari.

Kabla ya saa nane walimleta Florentin mbele ya Komanda Mike, na Youssouf akaburutwa pamoja naye. Komanda alikuwa ameshika karatasi iliyolowa.

"Hii njo mwandiko yako?"

Florentin aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, na Youssouf akaona jinsi alivyoelewa, kwa sababu macho yake yalihama kutoka kwenye herufi yakaenda nje, kwenye pusi-pusi, yakabaki pale. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Mwandiko wa Youssouf aliujua kama sauti yake.

"Jina njo yangu," Florentin alisema.

Ndivyo alivyosema, basi. Walimpeleka nyuma ya ghala la mafuta ya ndeke, mvua ikipiga mabati hata mlio wa bunduki ukasikika kama mlango unaofungwa. Youssouf na mzee mmoja mchukuzi walipewa majembe. Kaburi lilijaa maji kadiri walivyochimba. Walipomaliza, askari mmoja alimwambia Youssouf akisema neno, nafasi iko bado pembeni.

Aïcha alikufa Jumamosi, na mtoto pamoja naye.

Mvua ilinyesha siku tatu. Youssouf aliipima. Hakujua kwa nini. Miguu ilimpeleka tu, mikono ikamimina. Siku ya kwanza milimita mia moja hamsini na mbili, na chombo kilikuwa kimemwagika, kwa hiyo huenda zilizidi. Ya pili sitini na nne. Ya tatu arobaini na saba. Katika ukurasa uleule, juu ya namba hizo, yalikuwapo maneno ya Florentin ya Jumatano, kwa wino wa buluu: nafasi nane kwa kumi.

Mjane alipokuja kuuliza maiti ya mume wake iko wapi, Youssouf alisema askari waliitupa mtoni.

*

Christelle alikaa miezi minane akiingiza namba za kaye kumi na nane. Youssouf alikaa pembeni akimsomea, maana yeye peke yake aliweza kutofautisha moja yake na saba yake. Kulikuwa na siku alizosahau kabisa kile kilichokuwa kwenye kopo. Walikula pamoja sombe ya majani ya mihogo na wali, walicheka pamoja. Walivipa vituo vile sita majina, kama Florentin na watu wake wa fonia. Kimoja waliita Mwalimu, kwa sababu kilikuwa makini. Kingine Bibi-Harusi, kwa sababu kilichelewa kila mara. Na kimoja waliita Mulevi.

Mulevi alipiga kelele. Katika hesabu zake za miaka ya nyuma, mara kumi na moja alitabiri kwa Kindu mvua ya kupita milimita mia kwa siku, na mara kumi na moja kaye za Youssouf zilionyesha thelathini, arobaini, au sifuri. Mara ya kumi na mbili, ambayo Mulevi aliisema kwa sauti kuliko zote, ilikuwa tarehe ya Novemba 1999. Christelle hakuwa na cha kulinganisha nacho. Mashine iliiruka tarehe hiyo, ikampunguzia Mulevi imani mpaka akabaki mtu anayesema barazani bila kusikilizwa.

"Pole yake," Christelle alisema akicheka. "Hata mara moja hakusema kweli!"

Youssouf alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Angeweza kusema siku ile. Alifikiri: kaye moja kati ya kumi na tisa, itabadili nini?

Utabiri wa Christelle ulianza kusomwa redioni kila asubuhi, kwa Kiswahili chepesi: leo mvua, nafasi sita kwa kumi, leo kavu, tisa kwa kumi. Mwanzoni watu walidhihaki nafasi hizo, halafu wakazizoea. Wanawake wa Alunguli walipanga kuanika mihogo kwa maneno yake. Wenye piki-piki walimpigia simu. Gisèle, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja dogo la bondeni kule Alunguli, alimwita "binti wa mawingu" na kumletea ndizi.

Ijumaa moja ya Aprili, kabla ya adhuhuri, Christelle alimwita Youssouf mbele ya kompyuta.

"Tazama, Papa. Mulevi amelewa leo."

Vituo vitano vilisema kesho mvua ya kawaida, milimita ishirini, ishirini na tano. Mulevi, katika majibu yake hamsini, majibu thelathini na nane yalisema zaidi ya mia. Mchanganyiko wote, baada ya kumpa kila mmoja kiasi chake cha imani, ulitoa nafasi moja kwa ishirini ya mvua ya kuharibu.

Christelle hakucheka tena. Alikuna shingo, akasogea karibu na kioo, akarudi nyuma.

"Thelathini na nane ni mingi," alisema polepole. "Papa, namba zangu ni za vita na za juzi tu. Weye umeishi hapa. Kindu imeshaona mvua ya namna hii? Ya kupita mia kwa siku moja? Kama imeshaona hata mara moja, nitasema redioni watu watoke bondeni."

Swali lilikuwa wazi, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kulijibu. Youssouf alisikia jenereta ya jirani. Akisema ndiyo, angeulizwa lini. Akiulizwa lini, angeulizwa kaye. Na katika kaye kulikuwa na wino wa buluu wa baba wa huyu aliyekaa mbele yake.

"Hapana," alisema. "Sikumbuki."

Christelle alitikisa kichwa, akaandika: mvua ya kawaida. Gisèle alipopiga simu jioni ile kuuliza kama mazoezi ya kwaya ya kesho yafanyike, alimjibu yafanyike, ila wabebe miavuli.

Jumamosi saa tisa alasiri mbingu ilifunguka. Haikuwa ikidondoka, ilikuwa ikimwagwa. Katika Kasuku maji yaliingia maofisini, ng'ambo hakukuonekana. Kule Alunguli kijito cha bondeni, ambacho watoto hukiruka kwa hatua moja, kiliamka na magogo na mabati. Wanakwaya walikuwa wamejisitiri ndani ya kanisa wakiimba ili wasiisikie mvua. Ukuta wa matofali mabichi ulilowa kutoka chini, ukakaa kama mtu aliyechoka, halafu ukalala juu yao. Walikufa tisa. Gisèle alipatikana Jumatatu, kilomita mbili chini kwenye kijito, kitenge chake cha kwaya kimejifunga kwenye mzizi.

Youssouf alipima asubuhi ya Jumapili. Milimita mia moja hamsini na sita.

*

Siku ya mazishi watu walivuka mto wakaja kuipiga ofisi kwa matope. Hawakuvunja kitu. Walirusha matope tu, bila kelele, mmoja baada ya mwingine, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba ni damu yao hiyo: baba alidanganya ndeke ikaanguka, binti amedanganya kanisa likaanguka. Neno hilo lilikimbia mjini kuliko piki-piki.

Christelle alikuwa ndani, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia. Aliuliza tu, kama anajiuliza mwenyewe, ni wapi alipokosea hesabu.

Youssouf alikwenda nyumbani akarudi na kopo. Aliliweka sakafuni karibu na mguu wa binti, akalifungua, kwa sababu aliona kwamba Christelle hangelifungua.

"Muchwa haikukula," alisema.

Alisimulia yote, tangu magoti mbele ya Komanda hadi majembe. Alisimulia amesimama, macho kwenye dirisha lenye matope. Christelle alisoma ukurasa ule, akaweka kidole juu ya mwandiko wa baba yake, akakiacha pale. Youssouf alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa matusi, kwa kufukuzwa. Alichosikia kilikuwa swali.

"Hii mia hamsini na mbili. Chombo kilimwagika?"

"Kilimwagika."

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Kama siku zote."

Christelle aliinuka, akaketi mezani, akaingiza namba tatu. Mashine ilifanya kazi karibu robo saa. Wote wawili waliitazama kama watu wanaongoja daktari atoke. Mulevi, alipopatikana kuwa alisema kweli siku ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, alirudishiwa imani. Christelle alirudia utabiri wa ile Ijumaa. Nafasi moja kwa ishirini ikawa nane kwa ishirini.

"Nilijiwekea tatu," alisema. "Ikifika tatu kwa ishirini, natoa tahadhari."

Youssouf alifungua mdomo.

"Usiseme pole," Christelle alisema. "Nakuomba, Papa, usiseme pole."

Kwa mara ya kwanza neno Papa lilimchoma.

Tume iliundwa, ikakaa siku mbili. Youssouf alivaa kanzu yake ya Idi akaenda mbele yake na kaye mkononi. Alisema kosa ni lake, lote, la zamani na la sasa. Mkubwa wa tume, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliishika kaye kwa ncha za vidole, akaipindua, akairudisha.

"Muzee, tunachunguza mvua ya Aprili. Weye unatuletea ya vita."

"Njo mvua ileile, bwana mukubwa. Bila hii, mashine haikuweza kujua."

"Mashine iko na vituo sita vya wazungu, inangojea kaye yako?"

Watu walicheka kidogo, wale waliokaa nyuma. Mkubwa alilainisha sauti, kama anayezungumza na mgonjwa. Alisema wote wanajua alivyomlea huyu binti, na ni vizuri mzee kumhurumia mtoto, lakini serikali haiendi kwa huruma. Kwenye karatasi waliandika kwamba shahidi ana umri mkubwa na anachanganya tarehe. Youssouf alikuwa na miaka hamsini na minane. Christelle alisimamishwa kazi, kompyuta zikafungwa kwenye maboksi, na redioni wakarudi kusoma salamu za watu asubuhi.

Youssouf alipotoka kwenye tume, Christelle alikuwa akimngoja nje.

"Sasa utakuja kumwambia mama," alisema. "Kwa mdomo yako. Miye sitakusaidia hata neno moja."

Walivuka mto kwa mtumbwi wa injini. Mama Bibiche, mjane wa Florentin, alikuwa shambani kwake nyuma ya nyumba, akiinua mchicha uliolazwa na matope. Alinawa mikono, akamletea Youssouf kiti, akataka kumletea maji. Youssouf alikataa kiti, akakataa maji, akasema. Kwa mama huyu hakuweza kutazama dirisha, palikuwa peupe.

Mama Bibiche alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu karatasi hakuuliza kitu. Kuhusu jina la mume wake kutukanwa mjini miaka yote ile, hakuuliza kitu.

"Ulisema walimutupa mtoni," alisema.

"Nilisema hivyo."

"Na hakutupwa."

"Nilimuzika miye, na mikono hii."

Mama Bibiche alitazama upande wa Lualaba, ambayo kutoka pale haionekani, inasikika tu.

"Miaka ishirini na mitano sijala samaki," alisema. "Hata makayabu, samaki ya chumvi, sikuonja. Wageni wakileta nalia, nasema tumbo inauma. Nilisema nisije nikamula mume wangu. Weye ulikuwa unaleta kuni, unaona sahani yangu, unanyamaza."

Mama Bibiche alijifunga kitenge chake upya.

"Nipeleke pale."

Walivuka tena, watatu, wakapanda piki-piki mbili hadi uwanja wa ndege. Nyuma ya ghala la mafuta kulikuwa kumebadilika. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa imezungushia uzio wa bati, ikamwaga zege, ikapanga makontena. Youssouf alitafuta kwa macho mti alioukumbuka, pembe ya ukuta, chochote. Alipachika jicho kwenye tundu la bati akapima: hatua kumi kutoka pembe, kuelekea michikichi. Hatua kumi ziliishia chini ya kontena la kijani.

Mlinzi, kijana wa Pangi aitwaye Dieumerci, aliwasikiliza kwa heshima. Alisema hawezi kufungua, waje Jumatatu na barua ya bosi.

"Pale?" Mama Bibiche aliuliza, mdomo karibu na bati.

"Pale. Chini ya ile ya kijani."

Alivua viatu, akakaa chini kwenye changarawe, miguu mbele, uso kwenye uzio. Christelle alikaa kando yake akampa bega. Youssouf alibaki amesimama nyuma yao na kaye yake, hajui kama akae au asimame, mpaka Mama Bibiche aliposema bila kugeuka:

"Weye, nenda. Miye nataka kulia, na sitaki kulia mbele yako."

Youssouf aliondoka kwa miguu, kupitia barabara ya uwanja, jua likiwa linachoma.